Daraja la Mwanaidi

Nilikuwa nimeketi kwenye daka la nyumba ya Bi Rukia, mtaa wa Kuze, siku ya hitma yake. Wanawake walikuwa ndani wakisoma na mimi nimetoka kutafuta hewa, simu yangu iliponionyesha daraja. Lilikuwa daraja la kamba na mbao juu ya bonde lenye ukungu, na mbele yake bibi kizee mwenye shali ya kijivu, amesimama vile vile nilivyomwacha zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Lilikuwa tangazo tu. Mhariri wangu alikuwa amenituma niandike makala kuhusu michezo ya video ya zamani inayofufuliwa kwa ajili ya wachezaji wa leo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshinda siku kadhaa nikisoma habari hizo, simu ilikuwa imenizoea na kuniletea kila kilichofanana nazo. Lakini daraja hili sikulitafuta. Nisingeweza kulitafuta, kwa sababu sikuwahi kulijua jina la mchezo wenyewe. Nikaizima simu, nikaiwasha tena. Nikaenda mpaka kona ya muuza kahawa, nikarudi, nikaenda tena, hata bintiye marehemu akatoa kichwa mlangoni akaniuliza kama tumbo lilikuwa likinisokota. Nikamwambia ni joto. Chumba kilichokuwa nyuma yangu, siku hiyo kimejaa sufuria za pilau na viatu vya waombolezaji, ndicho tulichochezea mchezo ule. Na jioni ile ile Zuhura alikuwa anatua kutoka Maskati, naye ndiye aliyekuwa na pedi ya kuchezea mkononi siku ya mwisho nilipoliona bonde lile.

Kazi ya uandishi imenifundisha kuanza na mahali, kisha watu, kisha lililotokea, na nitajaribu kufuata mpango huo ingawa miguu haijatulia tangu siku ile. Mahali ni chumba cha mbele, mkono wa kulia ukiingia, ambacho nyumba nyingi za Mji wa Kale hukiweka kwa ajili ya wageni wa kiume. Bi Rukia alikuwa mjane na wageni wa kiume walikuwa hawaji tena, basi akayatoa makochi, akatandika mikeka, akaweka televisheni mbili na feni ya mezani iliyogeuza shingo kwa shida kama mtu aliyelalia upande mbaya. Mwanawe alikuwa baharia, naye ndiye aliyemletea mashine za michezo kutoka bandari za mbali, pamoja na diski ambazo maandishi yake hakuna mtu Kuze nzima aliyeweza kuyasoma. Siku nyingine zote chumba kilikuwa cha wavulana. Alhamisi, wavulana wakiwa na mpira wao viwanja vya Tononoka, kilikuwa chetu wasichana kuanzia adhuhuri, mlango umerudishwa na pazia limeshushwa. Tulivua buibui tukazitundika msumarini. Tulikula viazi vya karai kwa kuvichovya kwenye bakuli la ukwaju wenye pilipili, na kando ya kila mashine kulikuwa na bakuli la maji na taulo, kwa sababu Bi Rukia angeweza kusamehe mengi lakini si pedi yenye mafuta. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Sikuwa mwanafunzi tena na sikuwa bado mtu mwingine yeyote, na nyumbani kila nilipokaa nilionekana nimekaa palipotakiwa kufagiliwa. Chumba kile ndicho pekee nilichoweza kuketi nikatulia, na hata humo nilitulia macho tu.

Zuhura alikuwa jirani yangu na mwenzangu wa darasa. Tulikuwa tumekata shauri kwenda Nairobi pamoja kusomea uandishi wa habari, mimi kwa sababu nilipenda kuuliza maswali, yeye, kama alivyokuwa akisema, kwa sababu mtu alihitajika wa kunizuia nisiulize yasiyofaa. Alicheza vizuri kuliko sisi sote. Mchezo wetu ulikuwa wa msichana mwenye panga na kilemba chekundu anayesafiri kutoka kijiji hadi kijiji kumtafuta nduguye, au ndivyo tulivyoamua, kwa kuwa hadithi yote tuliitunga wenyewe kutokana na nyuso na muziki. Msichana tulimwita Mwanaidi. Mwenye ndevu alikuwa mjombake aliyekula urithi. Kinyozi wa kijiji cha pili alikuwa akimpenda lakini hana la kusema. Kila Alhamisi tulianza mwanzo kabisa, kwa kuwa mashine haikuwa na kadi ya kuhifadhia, na kila Alhamisi tukifika bondeni, mbele ya daraja, mambo yalisimama. Picha iliganda, muziki ukawa sauti moja ndefu kama honi ya gari iliyoshikwa, na bibi mwenye shali ya kijivu akatutazama.

Msichana wa mahali pengine labda angesema mashine imeharibika. Sisi tulisema tumemkosea adabu bibi. Ilikuwa wazi kwetu. Tulikuwa tumelelewa mji ambao huwezi kumpita mtu mzima kwenye uchochoro bila kumwamkia, na hapa tulikuwa na mtu mzima amesimama mlangoni pa daraja, na msichana wetu anamjia mbio na panga mkononi. Ukibonyeza kitufe cha chini Mwanaidi aliinama, kwa hiyo tukaanza kumwinamisha. Tulibishana jinsi ya kuinama. Wengine walisema ainame akiwa karibu, wengine akiwa mbali, Zuhura akashikilia kwamba panga lazima lirudi alani kwanza, kwani ni nani anayepewa salamu na mtu mwenye silaha. Siku moja Bi Rukia mwenyewe aliingia na sinia la kachri za muhogo, akaitazama skrini kwa muda, akauliza mbona yule msichana wetu amemsimamia mtu mzima kichwani. Mtu mzima yuwaamkiwa kwa mbali, akasema, akikujibu ndipo wasogea. Tukajaribu hivyo pia. Mara moja moja, Mungu ajua kwa nini, bibi aliganda akiwa amegeuza uso kidogo, na chumba kizima kikanyamaza, kwa maana tuliona kama alikuwa anataka kujibu.

Wanawake wa nyumba ile walizungumza jikoni, na dirisha la jikoni lilifunguka kwenye kiwanja kidogo kilichokuwa nyuma ya ukuta wetu. Habari za Zuhura nilizipata hapo kabla hajaniambia. Mtu wa Maskati, ana duka lake la vipuri vya magari, mamake mzazi ni wa hapa hapa Kibokoni na hana maneno, amekuja mara mbili na mara zote mbili amekunywa chai akashukuru kama mtu aliyefunzwa. Babake Zuhura yuwataka jibu kabla ya Ramadhani. Sauti moja ikauliza mwenyewe asemaje, na nyingine ikajibu kwamba mwenyewe yuwacheza gemu, wakacheka. Nilimtazama Zuhura pembeni yangu. Alikuwa amesikia kama mimi, vidole vyake havikupoteza hatua hata moja. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetania, chumba kizima kikisikia, kwamba akivuka daraja kabla ya Ramadhani atamwambia babake hataki. Asipovuka, atakwenda Maskati. Wasichana wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nililishika neno lile kama mkataba, na tangu siku hiyo sikuucheza mchezo tena kama mchezo.

Nikikumbuka miezi iliyofuata najiona nikitembea tu. Nilitembea mpaka ufuo wa Mama Ngina wakati wa magharibi, watu wakila mihogo ya kukaanga na kutazama meli, nikarudi bila kukumbuka nilichokiona. Nilifika Liwatoni nikasimama kuwaangalia mafundi wakigonga boti. Nyumbani nilianzisha kushona kitambaa nikakiacha, nikaanzisha kingine. Kila Alhamisi tulifika bondeni na kila Alhamisi bibi alikataa. Zuhura alicheka, mimi nikakosa hamu ya kula. Mwishowe nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikamwuliza mtu anayejua. Kibokoni kulikuwa na fundi wa redio, mzee mkimya aliyezungumza huku chuma cha kulehemu kikifuka moshi mkononi, na nilipomweleza habari za bibi na daraja alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaniambia kwamba bibi hana kosa. Diski imekwaruzwa mahali pamoja, na jicho linaloisoma limechoka. Mashine ikishapata joto huwa haioni hapo. Niigeuze juu chini, niiweke mbele ya feni, nijaribu.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani nilifika Kuze kabla ya wengine. Nilimweleza Zuhura yote, nikitarajia atanikumbatia. Alinitazama, akaitazama mashine, akasema tu, "Kumbe." Nikaigeuza, nikaisogeza mbele ya feni, nikaifuta diski kwa upindo wa leso. Alicheza siku hiyo kwa utulivu ambao sijamwona nao tena. Kijiji baada ya kijiji, mjomba mwenye ndevu, kinyozi, mlima, mpaka tukaanza kuuona ukungu wa bondeni, na hapo ndipo adhana ya alasiri ilipolia.

Kulikuwa na desturi ya nyumba, na lazima niieleze kwa sababu kila kitu kilitokea ndani yake. Adhana ikilia Bi Rukia aliingia, akapunguza sauti zote, akaifunika kila televisheni kwa leso. Mashine haikuzimwa, ili jasho la mtu lisipotee. Wenye sala walipanda juu kutawadha na kuswali, na wale ambao siku hiyo hawakuwa na sala walibaki mkekani mpaka wenzao washuke, kisha Bi Rukia mwenyewe, hakuna mwingine, alizitoa zile leso. Zuhura siku hiyo hakuwa na sala. Nilimwacha ameketi mbele ya televisheni iliyofunikwa leso ya manjano, pedi iko mapajani. Niliswali kwa haraka ambayo sijivunii, na nilipomaliza nikaliombea daraja. Nikashuka ngazi nikikimbia. Nilipoingia, leso ilikuwa magotini mwake, imekunjwa vizuri pembe kwa pembe, na skrini ni nyeusi.

"Imekwama," akasema. "Nikaizima."

Nikamwuliza kama alimwamkia. Akasema amemwamkia kwa mbali, panga limo alani, uzuri kabisa, na bibi amekataa. Kisha akacheka, mimi nikalia, naye akanifuta machozi kwa leso ile ile. Niliitoa diski nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikauona mkwaruzo, mwembamba kama unywele, umepinda kidogo. Nakumbuka kwamba nilishangaa nani aliyeitoa leso, kwa kuwa Bi Rukia alikuwa bado juu akimalizia tasbihi. Niliona jambo hilo, sikuliuliza. Kabla ya mwezi kuandama Zuhura alikuwa ameozwa. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nikiwa nimevaa nguo ya sare ya harusi yake, na Nairobi nikaenda peke yangu.

Yote haya yalikuwa kichwani mwangu juma lile nilipokuwa nikiiandika makala ya mhariri. Nilizungumza na kijana mwenye duka la michezo karibu na Barabara ya Digo, akaniambia kwamba wateja wake wa michezo iliyofufuliwa ni wa aina mbili. Kuna vijana wanaotaka kujua kaka zao walikuwa wakisifia nini, na kuna watu wa umri wangu wanaoingia, wanalishika boksi, wanatabasamu, wanasema huu niliucheza, kisha wanauliza bei na kuondoka, kwa sababu nyumbani hawana mashine na wanaona haya kuinunua. Nilimwuliza kwa nini watengenezaji wasibuni mipya. Akanijibu kwamba mpya ni bahati nasibu, na cha zamani tayari kina watu wanaokingoja. Nilisoma pia maelezo ya waliotengeneza upya mchezo wetu, ambao kumbe una jina refu na ulishazaa mingine mitatu ambayo Kuze haikufika. Wamebadilisha nyuso na mwanga, mchezo unajihifadhi wenyewe, mshale mdogo unakuonyesha njia, na maneno yameandikwa kwa lugha nyingi. Lakini njia, walisema kwa fahari, hawakuigusa. Kila jiwe liko lilipokuwa, ili aliyecheza zamani aijue njia hata akifumba macho. Niliandika sentensi hiyo nikaifuta, nikaiandika tena. Nilijiuliza wananifufulia nini mimi, ambaye nusu ya mchezo sikuiona na nusu niliyoiona niliitunga mwenyewe. Mjomba hakuwa mjomba. Kinyozi alikuwa jasusi. Na bibi, nilivyosoma, alikuwa mpita njia asiye na jina.

Siku mbili baada ya hitma nilikwenda Kizingo, nyumbani kwa kaka yake Zuhura, alikofikia. Amenenepa kidogo, na anazungumza polepole zaidi, kama mtu aliyezoea kutafsiriwa. Tulikuwa tumeonana mara chache miaka hii yote, harusini na matangani, na kila mara tulizungumza habari za watoto na bei za vitu. Bintiye, Nasra, ana miaka kumi na minane na alikuwa amebeba mashine yake ndani ya begi la mkononi. Mchezo wenyewe ulikuwa umetoka juma hilo hilo, na yeye aliupakua hapo hapo kwa mtandao wa mjombake, kwa sababu mamake, alipoiona picha ya daraja, alimwambia kwamba zamani mimi na yeye tuliucheza kwa marehemu. Zuhura alikuwa sakafuni ametupa mgongo, anafunga mizigo ya kurudi nayo, mabuyu, kachri, achari ya ndimu, kila pakiti akiizungushia utepe wa gundi mara mbili ili isivuje kwenye ndege. Hakuitazama televisheni. Mimi nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nasra aliniuliza kwa heshima, akiniita Khalati, mama mdogo kwa Kiarabu, kama nilikuwa na haraka.

Akafika bondeni mapema kuliko tulivyofika sisi siku yoyote. Ukungu sasa ulikuwa ukitembea, na shali ya bibi ilipeperuka. Nasra akamjia mbio na panga mkononi.

"Mwamkie kwanza," nikasema kabla sijajizuia.

"Nani, Khalati? Huyu?" Akacheka, akampita.

Hakuna kilichoganda. Mbao zikalia chini ya miguu ya Mwanaidi, kamba zikayumba, na nikajikuta nimeshika mkono wa kiti. Katikati ya daraja ukungu ulifunika kila kitu, na ule mshale mdogo ukapotea. Nyuma yetu nikasikia utepe wa gundi ukivutwa na sauti ya Zuhura, ya kawaida kabisa, ya mama anayemwambia mtoto afunge mlango.

"Ukitoka darajani shika kushoto. Kulia pana kisima, utatumbukia."

Nasra akashika kushoto. Ukungu ukafunguka, na mkono wa kulia kikatokea kisima kisicho na ukingo, kimeota nyasi, mdomo wazi. Nasra akausimamisha mchezo.

"Mama, umejuaje?"

Ile sauti ya utepe ikakoma. Niligeuka. Zuhura alikuwa ameshika pakiti ya achari kwa mikono miwili, anaitazama kana kwamba imeandikwa kitu. Nimewauliza watu maswali kwa ujira maisha yangu yote, na sijawahi kuuliza lililonitoka polepole kama lile.

"Ulifika wapi?"

"Kisimani," akasema. "Nilitumbukia. Nikaanza tena mwanzo wa daraja, nikashika kushoto. Halafu nikasikia wateremka ngazi, nikazima." Akainua macho. "Nilijifunika leso kichwani pamoja na televisheni, kama mpiga picha wa zamani. Sauti hakuna. Bibi nilimwamkia, wallahi, kwa mbali. Nikapita, hakikukwama kitu. Uliigeuza vizuri ile mashine."

"Ulisema ukivuka utakataa."

"Nilisema. Nilijua halivukiki, ndiyo maana nikasema." Aliiweka pakiti chini. "Nilitaka kwenda, Maryam. Tangu siku ya kwanza alipokuja kunywa ile chai nilitaka kwenda. Nairobi ilikuwa yako, mimi nilikuwa naitikia tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko nilivyokusudia, kwani Nasra alitazama chini.

"Wewe ulikuwa huli kwa ajili yangu. Ulikwenda kwa mafundi. Ningekwambiaje?" Akatabasamu kidogo, uso ule ule wa mkekani Kuze. "Watu walidhani namwogopa baba. Baba sikumwogopa. Nilikuogopa wewe."

 Miaka yote hiyo nilikuwa nimeuchukia mkwaruzo mmoja, na nimeandika makala nyingi nikitafuta nani aliyemfanyia nani nini, na leso iliyokunjwa pembe kwa pembe nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nilitaka kukasirika. Nilienda dirishani kabisa nikakasirike, nikasimama pale, na kilichonijia kilikuwa picha ya msichana chini ya leso ya manjano, anavuka peke yake, anajifunga mdomo asipige kelele.

Nasra alikuwa amerudi mpaka mwanzo wa daraja, sijui kwa adabu au kwa huruma. Akaninyooshea pedi. "Khalati, shika wewe."

Nikanawa mikono kwanza. Nikaketi sakafuni kando ya Zuhura, tukiwa tumezungukwa na pakiti za kachri. Nikamsimamisha Mwanaidi mbali na bibi, nikarudisha panga alani, nikamwinamisha. Bibi hakujibu. Shali yake ilipeperuka tu. Nikampita, nikaingia kwenye ukungu, mbao zikilia, na mwisho wa daraja nikashika kulia.

"Kushoto," akasema Zuhura. "Nimesema kushoto."

Nilikuwa nimesikia. Nikaenda mbele, nikatumbukia alipotumbukia yeye.